Mama Wanjiru Alihesabu Hadi Sita

Vijana wa thieta mmenipa saa ya ukutani na keki, mkanipigia makofi, halafu yule mfupi wenu akanidaka mlangoni: "Mzee Njoroge, tuandikie kidogo za zamani, zile za etha na chupa." Nimekubali kwa sababu tangu Jumatatu sina kazi. Kuku wa mama watoto wameshanizoea, hata hawanikimbii tena.

Sitawaandikia nilipanda cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Faili langu liko ofisini, atakayetaka akalisome apate usingizi. Nitawaandikia jambo moja tu: jinsi tulivyokuwa tukijua kama mgonjwa amelala, na siku niliyosema amelala kumbe hakuwa amelala. Nyinyi mna mashine zinazolia kila kitu kikienda mrama. Sisi tulikuwa na masikio, vidole na woga.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hapa Thika, katika hospitali ndogo ya watu wa mashamba ya mkonge na kahawa. Nilitoka kwetu Kalimoni kwa baiskeli ya kuazima, shati limefuliwa, kichwani nina Kiingereza cha misheni ambacho nilidhani ni kingi. Siku ya kwanza sikuulizwa Kiingereza. Nilipewa glavu arobaini za mpira zilizochemshwa, nikaambiwa nizipulize moja moja nitafute matundu, nizitie viraka, nizipake poda. Nilipuliza glavu mpaka mashavu yakauma. Nikajiuliza kama hii ndiyo kazi mama aliyouzia mbuzi kunilipia karo.

Aliyenipa glavu hizo alikuwa Mzee Mutiso, dresa mkuu, msaidizi wa daktari, Mkamba wa Machakos aliyekuwa na jeshi Burma wakati wa vita. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Baada ya wiki mbili aliniita ndani ya thieta, akaniweka kwenye kiti kidogo kichwani pa mgonjwa, akanipa kile kikapu cha waya cha kufunika pua na mdomo, kimevikwa shashi, na chupa ya etha, dawa ya kulaza. "Dondosha," akasema. "Tone, tone, tone. Halafu nyamaza usikilize."

Nisikilize nini, sikuambiwa. Nilijifunza hivyo hivyo. Pumzi ya mtu anayelala kwa etha ina safari yake. Kwanza anashika pumzi kwa sababu dawa inachoma koo. Kisha anachachamaa: anatukana, anaimba, anarusha miguu. Nilimwona mkata mkonge mmoja akimpiga daktari teke la kifua mpaka miwani ikaangukia ndani ya ndoo. Halafu pumzi inatulia, inakuwa ya kupanda na kushuka, macho yanaacha kuzunguka, ukigusa ukope haupepesi. Hapo ndipo unasema amelala. Akianza kurudi, mwenyewe atakuambia: atakunja uso, atavuta mguu, atashika pumzi. "Mgonjwa wa etha hawezi kukudanganya," Mutiso alikuwa akiniambia. "Akiwa macho utajua. Labda uwe umelala wewe."

Mutiso alikuwa na desturi yake nyingine. Aliongea na wagonjwa. Mkamba kwa Kikamba, Mkikuyu kwa Kikikuyu chake kilichovunjikavunjika, mpaka wagonjwa walicheka huku wanaogopa. Alisema sikio ndilo la mwisho kufunga mlango. Daktari wa wakati huo alimwona kama anayepoteza muda, lakini alimwacha.

Nguo zetu zilinuka etha mpaka Jumapili. Kanisani nilikaa benchi peke yangu.

Daktari mpya alikuja mwaka ule hali ya hatari ya serikali ya mkoloni ilipokuwa kali, vijiji vimezungushiwa mitaro na hakuna Mkikuyu anayevuka barabara bila pasi. Alikuwa Mwingereza kijana, mrefu, mwenye mikono mizuri, na niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpasuaji hodari kuliko wote niliofanya kazi nao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kumwambia mpishi alete maji moto. Kikikuyu hakujua hata salamu.

Alikuja na dawa mpya mbili. Ya kwanza ilikuwa unga wa manjano, unauyeyusha kwa maji, unanuka kama kitunguu saumu, unaingia kwa mshipa na mtu analala kabla hajamaliza sentensi. Ya pili ilikuwa dawa ya kulegeza. Hiyo ilifanya misuli yote ilegee isiweze kusogea: tumbo linakuwa laini kama unga uliokandwa, daktari anaingiza mkono bila kushindana na mtu. Ila kifua nacho kinaacha kupumua, kwa hivyo mpira unaingizwa kooni na mtu mwingine anakamua mfuko wa hewa kwa mkono mpaka mwisho. Mtu huyo mwingine nilikuwa mimi.

Daktari alitueleza kwamba dawa hiyo ya kulegeza ilitoka kwa watu wa msituni, ng'ambo, waliokuwa wakiipaka kwenye mishale. Mutiso aliweka bakuli chini.

"Bwana," akasema, "umetoka Ulaya mpaka hapa uje umdunge Mkamba sumu ya mshale?"

Daktari alicheka sana. Mutiso hakucheka. Baadaye tukiwa tunachemsha sindano aliniambia: "Njoroge, sikia. Mtu asiyeweza kurusha teke, atakuambiaje kwamba yuko macho?" Nilimwambia Wazungu bila shaka wameshalifikiria jambo hilo. Alikohoa, akaongeza kuni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipoota. Ule unga wa manjano uliwahi kumwua mgonjwa wa daktari huyo mahali pengine, mtu aliyekuwa amepoteza damu. Tangu hapo aliutoa kwa uchoyo. Hakuwa akipima kwa kilo kama nyinyi. Mgonjwa alihesabu kwa sauti, daktari akisukuma sindano pole pole, na pale sauti ilipokatika, mkono wake ukasimama. Hakuna tone lililozidi. Wagonjwa wetu walihesabu kwa lugha zao, naye hakuzielewa, kwa hivyo mimi ndiye niliyesikiliza. Aliniuliza, "Iko lala?" Nikagusa ukope, nikajibu, "Ndiyo Bwana, amelala." Halafu ikafuata ile ya kulegeza, na kutoka hapo mgonjwa hakuwa na njia ya kutupinga.

Wengi walifika nane au tisa. Niliwahesabisha watu wengi namna hiyo, nikawa naringa. Nilinunua kofia.

Mama Wanjiru aliletwa na lori la shamba la kahawa la Ruiru, asubuhi, yeye na binti yake Wanjiru wa miaka kama kumi na mitano. Mume alikuwa amechukuliwa kambini, kizuizini. Alikuwa na uvimbe tumboni, mkubwa, watu wa shambani walidhani ana mimba ya miezi minane, wengine wakasema maneno kwa sababu mume hayupo. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, mwembamba, masikio yametobolewa ya kizamani, hajawahi kuingia hospitali. Nilimwamkua kama mtoto anavyomwamkua mzazi, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia, akatulia kidogo.

"Nitasikia uchungu?" akaniuliza.

"Hapana, maitu, mama yangu. Utahesabu tu, halafu utaamka ukute umemaliza."

Nilisema hivyo. Hayo ndiyo maneno yangu.

Mlangoni pa thieta alikuwa ameketi askari kanzu, polisi asiye na sare, kama kila siku mwaka ule. Aliketi hapo akisikiliza nani anasema nini na nani ana kovu gani. Mama Wanjiru alimpita akiangalia chini. Akalala mezani. Daktari akapata mshipa, akaniangalia. Nikamwambia Mama Wanjiru aanze.

Alihesabu kwa Kikikuyu, kwa sauti ndogo, ya heshima. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Akanyamaza. Macho ameyafumba.

"Iko lala?"

Niligusa ukope. Ulitikisika, kidogo, kama unavyotikisika mara nyingine dawa ikiwa bado inashuka. Sita ilikuwa mapema kidogo, lakini alikuwa mwembamba, hana damu. Nikasema, "Ndiyo Bwana, amelala."

Tulikuwa katikati, labda dakika ya kumi na tano, mimi nakamua mfuko, ndipo nilipoikumbuka saba.

Nyinyi watoto wa siku hizi mnasema saba kama mnavyosema chai. Wazee wetu hawakuitamka ovyo. Cucu wangu, yaani nyanya, akihesabu kuni alifika sita, kisha akasema "na ule mwingine," akaendelea na nane. Saba ilikuwa nambari ya waganga na ya kulaaniana. Mimi nilisomea misheni, nilifundishwa kuicheka, nikaicheka mpaka nikaisahau. Na miaka ile ilikuwa na ubaya mwingine juu ya ule wa zamani: viapo vya wapiganaji wa msituni vililiwa kwa saba, saba ya hiki na saba ya kile, na kila Mkikuyu alijua hivyo, na kila askari alijua. Mwanamke ambaye mume wake yuko kambini, amelala uchi mbele ya Mzungu, askari kanzu yuko mlangoni, tumbo lake linakaribia kupasuliwa. Aiseme saba? Angeisema vipi? Alikuwa amenyamaza tu, akisubiri nimwambie aendelee na nane.

Nilimwangalia uso. Jasho lilikuwa limejaa juu ya mdomo, na kwenye kona ya jicho machozi yalikuwa yakitoka, yanaingia sikioni. Mshipa wa shingo ulikuwa unakimbia.

"Bwana," nikasema, "analia."

Hakuinua kichwa. "Ile maji ya macho tu. Damu napotea kidogo. Pulse?"

Nikamwambia mapigo ya moyo ni mbio.

"Ni damu," akasema. "Kamua."

Nilikuwa na jambo la kusema na nililijua lote. Lakini kulisema kulitaka niseme kwa nini mtu anakomea sita, na kwa nini anaogopa saba, na mbona mwanamke wa Ruiru aogope saba namna hiyo mwaka huo. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilichukua shashi nikampangusa machozi. Niliinama nikamwambia sikioni, "Maitu, kama unanisikia, tingisha kidole." Kidole hakikutingika. Kingetingikaje? Sumu ya mshale ilikuwa imeshakifikia. Basi nikajidanganya kwamba hilo ni jibu, nikaendelea kukamua.

Kesho yake asubuhi niliitwa wodini. Mama Wanjiru alikuwa amekaa, sauti imekauka, binti yake amemshika. Sista Mzungu alisema mgonjwa anaota ndoto mbaya, nije nimtulize kwa lugha yake.

Hakuwa anaota.

"Wewe mtoto wa watu," akaniambia, "mbona hukuniachia nifike nane?"

Nikainama kunyoosha shuka la kitanda chake.

"Nilihisi kisu. Nilikuita. Niliita kwa kichwa, kwa tumbo, kwa kila kitu. Nilidhani nimekufa na nyinyi hamjui, mnanipasua kama mbuzi. Ukasema analia. Nikasema, Ngai, ameona. Halafu ukanipangusa uso ukaanza kuimba."

"Kuimba?"

"Ule wa kanisani. Ulirudia kipande kimoja, kimoja tu, kama hujui kinachofuata."

Ni kweli. Nilikuwa na tabia ya kuimba puani nikikamua mfuko ili mkono uende sawa, na wimbo huo nilikuwa najua kipande kimoja. Hakuna aliyejua hilo ila watu wa thieta waliokuwa macho.

Daktari alikuja mchana, akasimama mwisho wa kitanda. Sista alikuwa amemweleza. Alionekana kuhangaika, alikuwa amechoka na alikuwa, nasema tena, mtu wa haki. Aliniangalia akauliza: "Njoroge. Yeye hesabu mpaka ngapi?"

Mama Wanjiru hakuelewa Kiswahili kingi, lakini alielewa ananiuliza mimi. Alikuwa ananingoja. Askari kanzu alikuwa kwenye baraza, amegeuza kiti.

"Tisa, Bwana," nikasema. "Alifika tisa."

Daktari akapumua. Akasema basi ni ndoto, hiyo dawa inaleta ndoto kali, nimwambie asiogope. Nilimtafsiria Mama Wanjiru neno kwa neno: daktari anasema ulikuwa unaota. Aligeuza uso akaangalia ukuta, na mpaka siku anaondoka hakunisemesha tena.

Mutiso alikuwa akipita na karai, alisikia yote. Kule nyuma aliniuliza, "Ulimpa tisa za nani?"

Nikamwambia nilikuwa namlinda. Askari wangemchukua wamchuje kwa maswali, wamuulize alikula kiapo gani na nani. Ningeacha wamtoe kitandani na nyuzi tumboni?

"Ulikuwa unamlinda yeye," akasema Mutiso. Hakuuliza. Alilisema akalitazama, akaondoka na karai lake. Nimelitazama hilo neno miaka yote hii na sijui hata leo. Nadhani nilikuwa na mwanamke huyo kwa nusu, na kwa nusu nilikuwa na kofia yangu.

Tangu wiki ile sikumhesabisha Mkikuyu. Nilimwambia daktari wengi wao hawajui hesabu, afadhali wanitajie mahali. Basi wakawa wananitajia njia, kutoka kwao mpaka Thika: Githunguri hapa, Ruiru pale, mto, daraja, stesheni, duka la Mhindi. Sauti ikikatika, najua imekatika kwa dawa, hakuna daraja lililo na laana. Daktari aliona inafaa, akaisifu. Sifa hizo nilizipokea. Na nyinyi wenyewe mmenikuta nikiwauliza wagonjwa watoke kwao waje Thika, mkadhani ni soga za mzee.

Ilipita karibu miaka mitatu. Hali ya hatari ilikuwa imelegea, askari kanzu ameondolewa mlangoni, watu wanarudi kutoka kambini wakiwa wembamba. Siku ya Jumatano lori la lile shamba la Ruiru liliingia tena, na juu ya magunia alikuwa Mama Wanjiru.

Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, anatapika kijani. Wanjiru, sasa msichana mzima, alisema imekuwa siku nne. Siku nne, utumbo umejifunga, na hospitali iko maili chache. Kila asubuhi lori lilikuja, na kila asubuhi mama aliwafukuza. Jumatano walimbeba hajiwezi.

Alinitambua. Macho yalikuwa yameingia ndani, lakini alinitambua.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, maitu."

"Mtanipasua?"

"Usipopasuliwa utakufa."

"Kufa najua," akasema. "Kufa siogopi. Sasa wewe niambie. Safari hii nikiwa macho, nitakuambiaje?"

Niliomba dakika chache, nikatoka nje. Mutiso alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa karibu kustaafu, kikohozi kimemmaliza. Nilimweleza swali. Alifikiria, akachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu.

"Kwetu," akasema, "mtu akichomwa mshale wa sumu mkononi, unamfunga juu ya kiwiko, kwa nguvu, sumu isipande moyoni. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi wewe geuza. Sumu yenu inaanzia moyoni. Funga mkono, isishuke."

Kile kitambaa cha kupimia presha kilikuwa ndani ya thieta, kwenye trei, kila siku, miaka yote.

Nilimwambia daktari mgonjwa anaomba afungwe mkono wa kulia kabla ya dawa ya pili. Akauliza, "Mila?" Nikajibu, "Ndiyo Bwana, mila." Akakubali bila neno. Mila ya kweli niliimeza miaka mitatu kwa hofu, hii ya uongo ikapita kama barua yenye stempu.

Mama Wanjiru hakutaja njia. Alishika mkono wangu tu. Dawa ya manjano ikaingia, kidogo sana, maana presha yake ilikuwa chini na daktari aliogopa. Macho yakafumba. Nikajaza hewa kitambaa cha mkono wa kulia mpaka mapigo kwenye kifundo cha mkono yakapotea. Dawa ya kulegeza ikaingia mkono wa kushoto. Mwili wote ukalala kama nguo. Daktari akaweka mpira kooni, akaenda kunawa, akarudi akachukua kisu.

Niliinama. "Maitu. Ni mimi Njoroge. Kama unasikia, nikamate."

Vidole vyake vikafunga. Si kutikisika. Vilifunga juu ya vidole vyangu, vikakaza.

"Bwana, ngoja. Yuko macho."

"Haiwezekani."

"Tazama mkono wake." Nikasema kwa Kikikuyu, "Achilia." Ukafunguka. "Kamata." Ukafunga. Daktari alikuwa ameshika kisu juu ya tumbo, na sijawahi kuona mtu mzima akigeuka rangi namna ile. Aliweka kisu chini.

"Etha," akasema.

Niligeuza chupa, etha ikaingia kwenye hewa ya mfuko. Nilikamua, nikangoja, nikauliza tena, na mkono ukajibu kwa udhaifu. Nikangoja. Nikauliza. Haukujibu. Nikauliza mara mbili zaidi, kisha nikasema, "Sasa amelala, Bwana," na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu nikijua ninachosema.

Alikuwa ameshafungua alipouliza bila kuniangalia. "Njoroge. Yule mama ya zamani. Ile nasema nasikia kisu."

"Ni huyu, Bwana."

Mikono yake ilisimama kidogo.

"Yeye hesabu mpaka ngapi?"

"Sita," nikasema. "Alikoma sita. Nilijua."

Alirudi kwenye utumbo. Ulikuwa mweusi, futi kadhaa, umeoza, na sote tuliopata harufu yake tulijua tumechelewa. Siku ya kwanza ungekuwa mwekundu na kazi ya nusu saa. Hata siku ya pili. Aliukata, akashona, alishona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, kama mtu anayeomba radhi kwa sindano.

Mama Wanjiru aliamka jioni. Nilikuwa nimekaa hapo. Nilimuuliza kama alisikia kitu baada ya kuniachilia.

"La," akasema. "Nililala. Nililala vizuri." Akatabasamu kidogo, akaomba maji, ambayo hatukuruhusiwa kumpa, nikamlowesha midomo kwa pamba. Homa ilipanda kesho yake. Alikufa Ijumaa, saa nne asubuhi, jua limejaa wodini.

Nimefunga mikono ya watu wengi tangu hapo. Daktari aliniachia, hakuniuliza tena ni mila ya nani. Nyinyi mlinikuta nikifanya hivyo, mkanicheka, baadaye mkaacha kunicheka. Endeleeni nayo. Kitambaa kisikae muda mrefu, mkono unakufa ganzi wenyewe baada ya dakika ishirini au zaidi kidogo, basi ulizeni mapema na muulize kwa lugha ya mgonjwa. Hayo ndiyo ya kazi.

Lakini Ijumaa ile Wanjiru alikuwa kwenye baraza na bakuli la mama yake mapajani, anangoja lori la kubeba maiti. Nilikwenda kumpa pole. Hakuwa analia bado. Alitaka kujua jambo moja, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Hospitali ni hapa hapa. Lori lilikuja kila siku. Kwa nini mama alikataa siku nne zote? Alikuwa anaogopa nini?"

Ningeweza kusema kisu. Ningeweza kusema wanawake wa zamani ndivyo walivyo. Angeamini, nilikuwa na koti jeupe.

"Mimi," nikamwambia. "Alikuwa ananiogopa mimi."